Jiwe la Harold, kaburi la Nduna

Jumamosi iliyopita nilipanda treni Charing Cross na binti yangu wa miaka 9, tukateremka Battle, mji mdogo wa East Sussex ambao jina lake lenyewe maana yake ni vita. Hapo ndipo Mfalme Harold wa Uingereza na William, mtawala wa Normandy (Ufaransa ya leo), walipopambana tarehe 14 Oktoba 1066. Kila Oktoba watu huvaa deraya na kuiigiza vita ile kwenye mteremko uleule, chini ya magofu ya abasia, nyumba ya watawa.

Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha nyasi. Kambini kulinukia moshi wa kuni, harufu ya jikoni kwa bibi, nikasimama kwanza niivute. Mzee mmoja mwenye shoka la mpini mrefu aliniambia siku za kazi yeye ni fundi bomba. Akanipa deraya yake niinyanyue: pete ndogondogo za chuma zilizounganishwa, nzito kama nusu debe la mahindi. Nikawawaza wale wa kweli. Tarehe 25 Septemba walikuwa kaskazini, Stamford Bridge, wakiwapiga Wanorwe. Siku 3 baadaye William akashuka pwani ya kusini, na Harold akalazimika kugeuka mbio. Watu wale walifika hapa wamechoka.

Pembe zikalia. Juu ya mwinuko watu wa Harold wakabananisha ngao zao ukuta mzima, wakazigonga kwa mashoka wakipiga ukelele, "Ut! Ut!", yaani tokeni. Kishindo chake unakisikia kifuani. Wapanda farasi wakapanda, wakarudi. Wakapanda tena, wakarudi. Ndipo ikaja hila: Wanormani wakageuza migongo kana kwamba wameshindwa, na vijana wa Harold wakauacha ukuta wa ngao ili wawafukuze. Umati ukapiga kelele kuwaita warudi. Mimi nilipiga ya kwangu kwa Kiswahili: "Rudini jamani, rudini!"

"Mama," binti yangu akaniuliza, "mbona wote wanamshangilia Harold na wanajua atakufa?"

Sikuwa na jibu pale. Baadaye tulipanda hadi kwenye jiwe lililolazwa palipokuwa na madhabahu ya abasia. William aliijenga, na inasemekana madhabahu iliwekwa hasa pale Harold alipoanguka. Mtu alikuwa ameacha maua. Nikamsimulia binti yangu yale yanayosimuliwa: kwamba mama yake Harold, Gytha, aliomba mwili wa mwanawe kwa uzito wake wa dhahabu, William akakataa. Na kwamba Edith, mpenzi wake, ndiye aliyeutambua mwili ule kwa alama alizozijua yeye peke yake.

Hapo ndipo machozi yalipoanza. Mimi ni Mngoni wa Songea, kusini mwa Tanzania. Nilipokuwa shule ya msingi, kila tarehe 27 Februari tulipangwa mstari kwenda kwenye makaburi ya mashujaa wetu 67 wa vita vya Majimaji, walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Lizombe, ngoma yetu, linachezwa, wazee wanashika mikuki na ngao, nasi watoto tunachungulia kati ya miguu ya watu wazima. Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, aliyeupa mji wetu jina, ana kaburi lake peke yake. Tumekua tukiambiwa kwamba kichwa chake hakimo, kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba msamaha mbele ya ukoo wake. Nilimtazama kwenye simu nikiwa kazini, nikaingia stoo ya mashuka nilie kidogo.

Mama yake Harold angeuelewa ukoo wa Mbano bila mkalimani.

Kwenye treni ya kurudi nilimweleza binti yangu haya yote, taratibu, hadi London Bridge. Akaniuliza kama kwetu nako kuna jiwe la kuweka maua. Nimeshaomba likizo ya Februari. Tikiti bado, ila bibi yake Songea ameshaambiwa aandae chumba.