Kugawa silabi za nomino ndefu za Kifaransa

Mswahili anayejifunza Kifaransa ana mtaji ambao mara nyingi hautumii: lugha yake imemzoeza silabi zinazoishia kwa irabu, na Kifaransa nacho hupendelea silabi za namna hiyo. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili huungana na irabu inayofuata, na konsonanti kama b au p ikifuatwa na l au r, zote mbili hubaki pamoja. Ndiyo maana tableau hugawanywa ta-bleau.

Kinachowasumbua wengi ni herufi e isiyo na alama juu yake. Katika maandishi, développement hugawanywa dé-ve-lop-pe-ment, yaani silabi tano, ilhali katika mazungumzo ya kawaida ya Paris husikika tatu tu, kwa kuwa e mbili za katikati humezwa. Katika appartement, hata hivyo, e iliyo mbele ya m aghalabu hubaki, kwa sababu ikiondoka sauti r, t na m zitasongamana. Mwanaisimu Maurice Grammont aliieleza tabia hii kwa kile kinachoitwa sheria ya konsonanti tatu. Ukienda kusini, Toulouse au Marseille, utasikia e nyingi zaidi zikitamkwa, na matamshi hayo, kwa maoni yangu, yanastahili heshima ileile.

Nomino ninayopenda kuwafanyisha wanafunzi mazoezi ni institutionnalisation, yenye herufi 21 na silabi nane: ins-ti-tu-tion-na-li-sa-tion. Silabi yake ya kwanza ina irabu ya puani, wala n haisikiki peke yake. Tion ya katikati hutamkwa bila upuani, karibu na «syo», kwa kuwa n inafuatwa na irabu, lakini tion ya mwisho hutokea puani. Nayo s iliyo kati ya irabu mbili husikika kama z.

Halafu kuna mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutufuata tunapotamka -sa- kwa nguvu, ilhali Kifaransa huuweka kwenye silabi ya mwisho ya fungu zima la maneno. Kwa hiyo ninashauri neno lijengwe kuanzia mwisho: kwanza tion, kisha sa-tion, kisha li-sa-tion, mpaka lote likamilike huku mkazo ukibaki mahali pake.