Kamera Mikononi mwa Wakazi wa Tandale

Masika ya 2016, kipindupindu kilichoibuka Kinondoni Agosti 2015 kilikuwa bado hakijakatika, tukaingia Tandale, Dar es Salaam, na kamera mbili ndogo. Mabango ya kunawa mikono yalishajaa ukutani. Safari hii tulitaka wakazi wenyewe warekodi kile wanachokiona kuwa chanzo.

Tulianza bila somo. Watu waliketi duara, kila mmoja akamrekodi jirani yake akijitambulisha, kisha kamera ikapokezanwa, na papo hapo wakatazama. Hatua hiyo hairukwi: mtu akishajiona, woga unamtoka, na kasoro anaibaini mwenyewe. Kichwa kimekatika, aliyelipa jua mgongo amekuwa mweusi tii, sauti imemezwa na bodaboda. Tangu hapo kila aliyerekodi alihesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuzima, hedifoni masikioni. Maiki ya kubana kifuani ni ya lazima; ile ya kwenye kamera, vichochoroni haifai kitu.

Mpango wa video ulichorwa kwenye karatasi za manila, kisanduku kwa kisanduku, ili hata asiyesoma aufuate. Hapo mama mmoja muuza chapati akakikataa kisanduku cha kunawa mikono. Akachora bomba linalotoka ukuta wa choo hadi mtaroni.

"Mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo. Ninawe nisinawe, yale maji yanapita mlangoni kwangu."

Akaenda kulirekodi kwa karibu, limezibwa tambara, tope jeusi likichuruzika pembeni. Kisha akageuza kamera kwenye uchochoro ambao gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita. Mtaalamu kutoka nje, naamini, angelipita bomba lile bila kuliona.

Ruhusa iliombwa mara mbili: kabla ya kurekodi, na baada ya mhusika kujitazama. Kutapisha choo, yaani kufungulia uchafu wake utiririke na mvua, ni kosa, na video ikishaingia kwenye simu za watu hairudi. Mwenye nyumba alitaka sura yake itolewe, ikatolewa.

Tulionyesha usiku, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa: shuka jeupe, projekta ya kukodi, jenereta nyuma ya ukuta lisimeze sauti. Tulisimamisha katikati watu wajadiliane. Afisa afya alikuwepo, na swali la kwanza aliloulizwa halikuhusu sabuni: "Kitu cha kunyonya kinachoingia huku kwetu kipo, na pipa moja litatozwa shilingi ngapi?" Mwenyekiti akaitisha kikao cha wajumbe, ajenda ikiwa pampu ya mkono, ile inayobebwa na watu wawili hadi chooni.