Wiki ya ndoano bila chambo cha kokoro

Navua kwa ndoano Igombe, kaskazini ya mji wa Mwanza. Usiku natega mishipi ya sangara, asubuhi navua sato kwa mshipi wa mkono pembeni ya matete. Uvuvi huu unasifiwa sana kwamba hauharibu ziwa, na kwa upande wa samaki anayenaswa ni kweli. Lakini ndoano tupu haikamati kitu. Chambo hai kinachouzwa alfajiri mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, yaani furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na vitoto vya kila aina kwenye beseni, kwa sehemu kubwa kinatoka kwenye kokoro, wavu wa kuburuta mpaka ufukweni, zana iliyopigwa marufuku na ambayo sisi wenyewe tunailaani. Linavutwa gizani kwenye maji mafupi, palepale sato dume anapochimba kiota chake mchangani na vitoto vinapojificha wiki zao za mwanzo. Mvuvi wa ndoano akinunua beseni lile, ndiye anayewalipa wavutaji.

Mimi sitaki pesa yangu iende huko. Kwa hiyo mwezi Julai, mpwa wangu alipokuwa bado nyumbani shule zimefungwa, nilijipanga kuvua wiki nzima kwa chambo ninachojua kimetoka wapi. Julai si mwezi rahisi kwa jambo hilo. Wakati wa mvua kambale hupanda kwenye mitaro na majaruba ya mpunga kuzaa, na watoto wa kijijini wanakuletea vifaranga mpaka mlangoni. Kiangazi mitaro imekauka, upepo wa kusini unavuma, na chambo kinakuwa mali.

Siku ya kwanza sikushika kasia kabisa. Nilipanda bodaboda kuelekea njia ya Kayenze kwa mzee mmoja anayefuga kambale kwenye mabwawa ya udongo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka wa kula au wa kufuga?"

Nikamwambia nataka wa chambo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniongoza mpaka bwawa la mwisho. "Wadumavu ninao humu. Wenzao waliowazidi wanawameza kila siku, mimi napata hasara tu. Afadhali uwachukue wewe."

Ndivyo walivyo kambale: wakizaliwa siku moja, baada ya wiki chache wengine wamekua maradufu, na aliyekua anamla ndugu yake. Kila mfugaji anajua, na kila mfugaji hulazimika kuwatenganisha kwa ukubwa. Wale waliobaki nyuma hawana soko la mezani, ila kwa ndoano ya sangara ni chambo safi kabisa. Nilichagua wenye urefu wa kiganja. Nina sababu ya kipimo hicho, nitaieleza.

Kuwasafirisha ndiko kunakohitaji akili. Kambale ana kiungo juu ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anastahimili maji machache ambamo furu angekufa kabla hujafika barabarani. Lakini hewa hiyo lazima aifikie. Ukijaza dumu mpaka mdomoni ukalifunga na kifuniko, unamzamisha samaki ndani ya maji. Mimi nilikata dumu la lita ishirini ubavuni, nikaweka maji ya kufunika migongo yao tu, juu nikatandika gunia bichi kuzuia jua na kuwazuia wasiruke. Nyumbani niliwaweka kivulini, nikawaongezea maji ya ziwa kidogo kidogo mpaka jioni, wasipate mshtuko wa kubadilishiwa maji ghafla. Sikuwapa chakula. Samaki aliyeshiba huchafua maji, na maji machafu ndiyo yanayoua chambo kuliko safari yenyewe.

Furu tuliwatafuta wenyewe. Kati ya yale mawe makubwa ya ufukweni wapo, ukiwa na ndoano ndogo kuliko zote dukani na kipande cha nyungunyungu kisichozidi ukucha. Mpwa wangu ana mkono mwepesi kwa kazi hiyo. Anakaa juu ya jiwe, anaacha uzi ushuke ufa kwa ufa, na mara utaona kidole chake cha shahada kinacheza, tayari kanasa mmoja. Tuliwahifadhi kwenye dumu nililolitoboa matundu pande zote kwa msumari wa moto, tukalizamisha na kulifunga kwenye jiwe. Maji yanapita, furu wanapumua, kenge hawafikii. Sipendi kumtuma kijana asimame majini kwenye matete, kichocho bado kipo ziwani, na hiyo nayo ni faida ya kuvua ukiwa juu ya jiwe.

Wazee wetu wanasema enzi zao furu walijaa kiasi cha kutupwa. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa Ghuba ya Mwanza walikuwa karibu wamekwisha. Aina kadhaa zilianza kurudi kuanzia miaka ya 1990, baada ya sangara wenyewe kuvuliwa sana. Ndiyo maana nawahesabia. Tulikuwa tunachukua wa usiku mmoja tu, waliobaki hai asubuhi tunawarudisha kati ya mawe.

Sasa kutega. Mshipi wangu ni kamba kuu ndefu yenye matawi, kila tawi ndoano ya namba nane au tisa, mawe ya kuzamisha kila baada ya nafasi, na madumu matupu kwa maboya. Chambo unakichoma kwenye nyama ya mgongo, juu ya uti, usiuguse. Ukiugusa uti kimekufa hapohapo, na sangara anamtaka anayetapatapa. Shika kambale kwa kitambaa kibichi, maana ana miiba miwili mbele ya mapezi ya ubavuni na itakutoboa kidole gizani. Furu kwenye ndoano mara nyingi nilimkuta amekufa alfajiri. Kambale alikuwa bado anahangaika, na yeye ndiye aliyenipa samaki wengi zaidi wiki ile.

Kuhusu urefu wa kiganja: sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na kumrudisha majini hakumsaidii kama umemtoa kina kirefu. Bondo lake, mfuko wa hewa ulio tumboni, linatanuka anapovutwa juu, tumbo linavimba, anaelea ubavu mpaka ndege wamchukue. Dawa yake ni kumzuia asinaswe kabisa. Chambo kikubwa na ndoano kubwa humshinda mdogo kumeza. Wenye mabeseni ya vitoto wanapata vichwa vingi kuliko mimi, lakini nusu ya wanaowaleta hata kuwapima kwenye rula ni aibu.

Katikati ya wiki upepo ulitushinda. Ulianza usiku wa manane, tukashindwa kwenda kuopoa mpaka jua limepanda. Kisiwa kizima cha gugumaji kilikuwa kimepita juu ya mishipi, kimebeba maboya na kusokota kamba kuu pamoja na matawi yake. Siku hiyo yote na nusu ya iliyofuata tulikaa chini ya mwembe tukifumua. Mpwa anashika kichwa cha kamba, mimi napitisha tawi moja moja, ndoano zilizopinda natupa kwenye kopo, butu nanoa kwa tupa. Kwa kuwa mtumbwi ulikuwa umevutwa nchi kavu tukautazama tumbo lake, tukakalafati kwa pamba sehemu mbili zilizokuwa zinavuja. Ndiyo kazi za ndoano zisizoonekana mizani inapopimwa. Bahati ni kwamba kambale walikuwa bado hai ndani ya dumu, sikulazimika kuanza upya.

Sato alitushikilia siku hizo mbili. Nyungunyungu tulichimba kwenye unyevu chini ya migomba, tukawaweka kwenye kopo la udongo na majani makavu, na asubuhi na mapema, kabla upepo wa ziwani haujaanza, tukasogea ukingoni mwa matete, kwenye kina, mbali na mchanga wenye viota. Nilimtoa jike mmoja mzuri, na alipofika juu ya mtumbwi akafungua mdomo: mayai ya rangi ya manjano yalimwagika kwenye mbao, makubwa kiasi cha kuhesabika. Sato jike huatamia mdomoni. Nilimrudisha mara moja na tukahama pale. Kuna watakaosema mayai yameshapotea, kwa nini usimuuze? Namjibu kwamba yule atazaa tena.

Mama anayekaanga samaki pale mwaloni alichukua sato wote. Sangara walikwenda kwa wakala, na usiku wa mwisho ulikuwa mzuri kuliko zote. Mbalamwezi ilikuwa imewaka, wavuvi wa dagaa wamepumzika, kwa hiyo hapakuwa na mtumbwi wa kukata mishipi. Nilipokamata boya la tatu kamba ilikuwa nzito na haichezi, nikadhani ni jiwe la chini. Kisha ikaanza kwenda yenyewe, polepole, kuelekea chini ya mtumbwi. "Mpe kamba, mjomba, mpe!" Nilimpa, nikamrudisha, nikampa tena. Alipotokea macho yalimetameta kwenye tochi, na kinywani mwake mkia wa kambale wa mzee wa Kayenze ulikuwa bado unaonekana. Wakala alimpima mara mbili huku akimminya tumbo, maana siku hizi anaangalia bondo kwanza. Mabondo makavu yanakwenda China kwa bei inayoizidi minofu.

Kwa hesabu, kambale wa mzee ni ghali kuliko chambo cha beseni ukilinganisha kichwa kwa kichwa. Lakini cha beseni kimeburutwa mchangani, nusu kinakufa kabla hujafika unapotegea, na unanunua kingine kila siku. Wangu walidumu wiki. Nikijumlisha nauli ya bodaboda nilitoka karibu sawa na wenzangu, na samaki wangu walikuwa wakubwa zaidi.

Majirani zangu wawili wa mwaloni walioona wale sangara wameomba kuingia. Tulikwenda wote kwa mzee, naye amekubali kutenga bwawa dogo la wadumavu peke yao na kuwachambua kwa ukubwa kila wiki, ili tuchukue wa kiganja tu. Nauli tunachangia. Tunakwenda Jumatatu na Alhamisi alasiri, jua likishapoa, na kila mmoja anakuja na dumu lake.