Macho ya bundi wa Sokoke

Nyanya akisikia bundi akilia juu ya paa, alikuwa akiamka usiku wa manane kutia chumvi motoni. Sisi watoto tulijifunika shuka gubigubi, kila mmoja akijiuliza ni nani atakayekufa. Hofu hiyo nimekua nayo, na jana nimeingia nayo msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya.

Tulianzia upande wa Gede saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka. Kiongozi wetu ni mzee wa Kigiriama aliyezaliwa kando ya msitu huu. Penye miti ya mirihi, ambako miti imeachana na mchanga ni mweupe, alisimama ghafla akaelekeza kidole juu: mnana wa Clarke, kichwa cheusi, tumbo la manjano. Ndege huyu duniani kote yuko Kilifi tu, na miaka mingi ilipita bila wataalamu kujua anakotagia, hadi viota vyake vilipoonekana kinamasini kule Dakatcha mwaka 2013. Nilimtazama mpaka shingo ikauma.

Mbele zaidi udongo uligeuka mwekundu, miti ikawa mifupi, imesongamana hata upepo haupiti. Mzee akaniambia nisubiri njiani, akazama kichakani peke yake. Robo saa hivi. Aliporudi hakusema neno, alinipungia mkono tu, nami nikamfuata nikitambaa.

"Tazama pale, mwanangu. Usinyooshe mkono."

Niliona jani kavu. Kisha lile jani likawa na masikio. Walikuwa wawili, wamekaa bega kwa bega kwenye tawi lisilofika kimo changu, mmoja wa kijivu, mwingine rangi ya kutu. Bundi mzima, na angeenea kiganjani! Uzito wake ni gramu 50 hivi, kama yai la kuku. Sayansi ilimpa jina mwaka 1966, na makao yake ni misitu michache ya pwani yetu pamoja na Usambara Mashariki kule Tanzania. Yule wa kijivu alifumbua macho nusu, akanitazama, akayafumba tena.

Nikakumbuka jiwe nililomrushia bundi nikiwa darasa la nne, na jinsi mtaa mzima ulivyonishangilia. Niliona haya, haya ya kweli, nikiwa nimepiga magoti kwenye ule udongo mwekundu.

Tukirudi mzee alinionyesha visiki vya muhuhu, mti unaotafutwa sana na wachonga vinyago. Vingine ni vya zamani, vimeota kuvu. Kimoja kilikuwa bado kinatoa harufu ya mti mbichi, na mzee alikigusa kwa kiganja jinsi mtu anavyomgusa mgonjwa paji la uso. Ndege waliozoea kichaka kama hiki hawana kwingine kwa kuhamia. Hilo limenikaa moyoni kuliko picha zote nilizopiga.

Jioni nilimpigia mama simu. Nilipotaja bundi, alinyamaza kitambo.

"Alilia?"

"Hakulia, mama. Alikuwa amelala na mwenzake."

"Na akakutazama?"

"Alinitazama."

Nilimsikia akivuta kiti, akaketi.

"Hebu niambie, macho yake ni ya rangi gani?"