Kumbukumbu ya mradi wangu: harusi ya theluji, Lake Louise

Tarehe tumeitoa Desemba tukaipeleka katikati ya Februari, na hapo ndipo itakaa. Sababu ni mwanga. Sisi wa Nairobi jua halitusumbui. Mwaka mzima linachomoza na kuchwa karibu na saa kumi na mbili na nusu, hakuna anayelipangia harusi. Lake Louise iko latitudo ya 51 kaskazini, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Banff, Kanada. Mwishoni mwa Desemba jua la huko huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kwenye saa kumi na nusu hivi, tena milima huliziba mapema zaidi. Katikati ya Februari urefu wa mchana hufika karibu saa kumi za mwanga, na ziwa bado limeganda, maana barafu yake huondoka Mei au hata Juni. Kiapo tumekiweka saa tano asubuhi.

Mama alihofia tutakosa pumzi kama wapandao Mlima Kenya. Nimemwonyesha vipimo: ziwa liko zaidi kidogo ya mita 1,700 juu ya bahari, na Nairobi ni karibu mita 1,800. Akatulia. Kazi yetu ni baridi tu, ambayo usiku wa huko inaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na kupita.

Mchumba wangu alikuwa ameshikilia Moraine Lake, ziwa lingine la Banff, kwa sababu ya picha zake za maji ya samawati. Barabara ya kule hufungwa majira yote ya baridi, na rangi ile ni ya kiangazi: inatokana na unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya milimani, ukielea majini. Februari ni weupe mtupu, nami weupe huo ndio ninaoutaka.

Sasa nguo, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ya ndani kabisa ni sufu nyembamba, mwili mzima. Pamba haigusi ngozi, kwa kuwa hushika jasho na jasho likipoa linakuibia joto. Juu yake gauni la krepu nzito, mikono mirefu, pindo limeishia kifundoni lisizoe theluji ikaja kuyeyukia ndani ya nyumba. Halafu joho. Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, nilipata koti refu la sufu, kamera kabisa (mtumba wa daraja la kwanza), rangi ya maziwa. Fundi wangu alilifumua bitana yote, tukaweka leso (kanga) mgongoni kwa ndani, jina likiwa usawa wa mabega: *Wawili wakipendana adui hana nafasi*. Mikononi tumetia satini, kwa sababu leso ingeng'ang'ania krepu na mkono usingepita. Vifungo ni vikubwa, vya kushikika hata ukiwa na glavu.

“Dada, hili ukilivaa hapa Nairobi utaiva,” fundi akaniambia nikijipima.

“Kwenye barafu ndiko linakokwenda, fundi.”

Tumelijaribu. Rafiki yangu anafanya kazi kwenye ghala la samaki waliogandishwa, Industrial Area, chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri. Msimamizi aliniruhusu niingie na mavazi yote, gauni likiwa ndani ya joho, wafanyakazi wakinipigia vigelegele mlangoni. Kifua na mgongo vilikaa na joto zuri. Vidole ndani ya glavu za lesi viliuma upesi mno, na ubaridi wa sakafu ulipanda kupitia soli. Kwa hiyo lesi itavaliwa juu ya glavu za sufu, na viatu nimeviwekea soli ya pili ya sufu iliyoshindiliwa. Pete nayo ililegea, kwani vidole husinyaa kwenye baridi. Nitaipeleka kwa sonara aibane kidogo. Chaji ya simu ilishuka ghafla. Mpiga picha ameshaambiwa akae na betri za akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, na kamera aifunge kwenye mfuko kabla hajaingia penye joto, isije ikafanya umande. La muhimu zaidi kwetu sisi: theluji huidanganya kamera ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza, na nyuso nyeusi zikawa kivuli. Nimemwomba apime mwanga kwenye nyuso zetu.

Karatasi zinasonga. Leseni ya ndoa ya Alberta, jimbo lenye ziwa hilo, inachukuliwa huko huko, sote wawili tukiwepo, na inadumu miezi mitatu. Mashahidi wanatakiwa wawili, wa miaka 18 au zaidi: binamu ya mchumba wangu anayeishi Calgary, na huyo huyo mpiga picha. Kufungia ndoa mbugani kunahitaji kibali cha Parks Canada, idara ya mbuga za taifa za huko. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa iliyofungwa nje kwa kufuata sheria za kule.

Mahari ilishamalizwa, wazee wameridhika. Mama ametoa sharti moja: “Mwanangu, nenda kale kiapo kwenye hiyo barafu, lakini pilau italiwa hapa South B.” Nimekubali kwa moyo wote. Vipenzi vyetu wengi hawatafika ziwani, na siku hiyo ya pilau nitalivaa gauni lile lile, bila sufu.

Viza bado, alama za vidole tumeshatoa. Tukipata jibu nalipia nyumba ya wageni, na fundi aanze joho la bwana harusi. Yeye ameomba leso ya rangi nyekundu.