Siku moja ya fundi wa mtandao wa mashine, Unguja

Nikisema nafanya kazi ya mtandao kiwandani, watu hunipa simu zao niangalie kwa nini intaneti haifunguki. Mtandao ninaoulinda mimi si wa intaneti. Ni waya zinazoziunganisha mashine za kujaza maji kwenye chupa, kufunga vifuniko na kubandika lebo, pamoja na kompyuta inayoziongoza zote, ambayo mafundi tunaiita PLC. Zikipoteana kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, laini nzima ya uzalishaji inasimama. Kazi hii ipo hapa kwetu, inafanywa na vijana wa hapa hapa, na nataka ijulikane. Hii ilikuwa Jumanne yangu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeshuka daladala, nimesalimiana na mlinzi, nimevaa viatu vya usalama. Nazunguka paneli zote, yaani makabati ya vifaa vya umeme, nikitazama taa za swichi, visanduku vinavyogawa mtandao, na kusikiliza feni. Hewa yetu ina chumvi, na masika ikiingia unyevu unazidi, kwa hiyo plagi ya kawaida ya ofisini haikai muda kabla meno yake hayajaanza kuliwa. Sehemu zinazooshwa kwa maji tunatumia plagi za M12, zile za duara zinazokazwa kwa kuzungushwa, zenye daraja la IP67: vumbi haliingii, na hata ikizama mita moja kwa nusu saa maji hayapenyi. Zina bei, na kila mwaka ninapoandika maombi ya kununua naulizwa kwa nini nisichukue zile za rahisi. Naeleza tena.

Saa moja. Laini imewashwa, chupa zinapita, nimesoma daftari la zamu ya usiku. Saa mbili na nusu chai, boflo na maharage.

Saa tatu na robo. Mashine ya kujazia imesimama. Taa nyekundu, king'ora, chupa zimejipanga nusu zimejaa nusu tupu. Msimamizi wa zamu kafika kabla yangu.

"Dada, zima uwashe tu, tuendelee. Tuna lori linasubiri."

Tumezima, tumewasha, imekwenda. Baada ya dakika chache imesimama tena. Tumewasha, imekwenda karibu nusu saa, nikaanza kupumua, ikasimama. Hitilafu ya namna hii ndiyo inayochosha kuliko zote, kwa sababu kitu kilichokufa moja kwa moja utakiona, lakini kinachokufa na kufufuka kinakupotezea siku.

Mashine hii inazungumza na PLC kwa PROFINET, mfumo unaopita juu ya Etheneti, mtandao wa waya kama ule wa ofisini. Sisi tumeipanga wapelekeane ujumbe kila milisekunde 4. Ujumbe ukikosekana mara tatu mfululizo, yaani milisekunde 12, mashine inahesabu kuwa imempoteza kiongozi wake na inajizima yenyewe kwa usalama. Ofisini barua pepe ikichelewa sekunde mbili hakuna anayejua. Hapa ujumbe uliochelewa ni sawa na ujumbe ambao haukufika. Ndiyo tofauti kubwa ya kazi yetu, na ndiyo ninayorudia kila ninapoulizwa kwa nini tusinunue tu "intaneti yenye spidi".

Msimamizi akataka nibadilishe waya. Nikamwambia hebu subiri, kaka. Akasema mafundi wa zamani wangekuwa wameshabadilisha. Nikamwambia swichi yetu kubwa ina kumbukumbu: waya ukiwa mbovu, au ukipitishwa karibu na nyaya za mota zinazoendeshwa kwa inveta, kifaa cha kurekebisha kasi ya mota, pakiti, yaani vipande vya ujumbe, huharibika njiani na swichi huzihesabu moja moja. Nimefungua laptopu nikamwonesha. Zilizoharibika: sifuri. Waya mzima. Hakuridhika, akaenda kumpigia simu meneja, na meneja akanipigia mimi, na nikaeleza yale yale huku king'ora kinalia mara ya nne au ya tano, sikumbuki.

Nikarudi kwenye laptopu, nikafungua jedwali la anwani, pale swichi inapoandika kila kifaa kiko kwenye mlango upi, yaani tundu lipi la waya. Mlango unaokwenda mashine ya kujazia unatakiwa uwe na anwani moja tu. Ulikuwa na tano.

Nimefuata ule waya kwa mkono, kutoka paneli kuu, juu ya trei, ukashuka nyuma ya mashine ya lebo. Nikafungua paneli ya huko. Ndani kuna kiswichi kidogo cha plastiki, cha kuuzwa dukani kwa matumizi ya nyumbani, kimening'inia kwa waya wa umeme wake. Waya wetu umechomolewa ukaingizwa humo, na pembeni yake kamera nne mpya za ulinzi.

Nikampigia aliyepewa kazi ya kamera.

"Dada, mimi nilikuta waya upo, nikautumia. Mtandao si mtandao?"

Nikamjibu kwa utulivu, maana kupigiana kelele hakuwashi laini. Kamera zile ziliwekwa zitume picha kwa njia ya kutangazia wote, na kiswichi cha aina hiyo hakijui kuchagua: kinachoingia mlango mmoja kinatoka milango yote, pamoja na wa mashine ya kujazia. Tena kamera haitumi kwa usawa. Kila baada ya muda inatuma picha nzima kwa mkupuo. Picha ya kilobaiti 200 ikipita kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde inachukua milisekunde 16 peke yake. Kamera mbili tatu zikigongana, ujumbe wetu mdogo unakwama nyuma kama mpita njia kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe hamali anapopitisha mkokoteni, na kiswichi kikijaa kinautupa. Milisekunde 12 zimepita. Laini chini. Zisipogongana, kila kitu shwari. Ndiyo maana ilikuwa inakwenda na kusimama.

Nimeng'oa kiswichi, nimerudisha waya moja kwa moja kwenye mashine. Jedwali likaonesha anwani moja. Ilikuwa karibu na adhuhuri, laini imekwenda na haijasimama tena. Msimamizi alikuja akasema "ahsante dada", na hilo nimelipokea kwa moyo mmoja, kwa sababu lawama zote za lori zilikuwa zimemwangukia yeye.

Mchana. Sala, wali na samaki, maji mengi. Miguu inauma.

Kuanzia hapo siangalii tena saa. Meneja aliniita akaniuliza swali la maana: kama kamera na mashine haziwezi kukaa waya mmoja, mbona kila muuzaji anayekuja siku hizi anasema kila kitu kitapita waya mmoja? Ni kweli wanasema, na hawadanganyi. Kuna viwango vya IEEE, jumuiya ya wahandisi, vinavyoitwa TSN, vya mtandao unaojali muda. Kimoja, 802.1AS, kinalinganisha saa za vifaa vyote mpaka tofauti iwe chini ya mikrosekunde moja. Kingine, 802.1Qbv, kinagawa muda vipande vipande, na ndani ya kipande cha mashine hakuna picha ya kamera inayoruhusiwa kupita. Huko ndiko viwanda vinakoelekea, na mimi nakutaka. Lakini kila swichi kwenye njia lazima iwe na uwezo huo. Kiswichi cha dukani kikiingizwa katikati kama leo, ahadi yote inavunjika pale pale. Kwa hiyo nilimwomba kwanza kitu cha bei ndogo: funguo za paneli zote zikae kwa mafundi umeme, na mtu wa nje asifungue bila mmoja wetu kusimama naye. Amekubali. Kamera zitavutiwa waya wake.

Baadaye waliotuuzia mashine, wako Ulaya, wakataka kuingia kutoka kwao wabadilishe programu. Nimewafungulia njia, nimekaa mbele ya skrini mpaka wamemaliza, nimeifunga. Wamewahi kuomba iachwe wazi daima na nimekataa. Viwango vya IEC 62443, vya usalama wa mitandao ya viwandani, vinataka mtandao ugawanywe maeneo, na kila mlango baina ya eneo na eneo ujulikane unafunguliwa na nani, kwa sababu gani. Anayeingia kwenye mtandao wetu hasomi barua za watu. Anaweza kuendesha mota ambayo mtu ameweka mkono karibu nayo.

Jua likianza kupoa nilitembea mpaka kisimani. Pampu iko kama mita 600 kutoka kiwandani, na waya wa shaba wa Etheneti ya kawaida mwisho wake ni mita 100. Sasa tunatumia faiba, waya unaopitisha mwanga badala ya umeme, na faiba ni nzuri, radi na kelele za mota haziigusi. Lakini kila upande inahitaji kisanduku cha kugeuza mwanga kuwa umeme, na kile cha kisimani kinaungua mara kwa mara umeme ukicheza. Ninachokitamani ni Etheneti ya jozi moja, 10BASE-T1L, iliyopitishwa mwaka 2019. Nyaya mbili tu, mpaka mita 1000, kwa megabiti 10 kwa sekunde, na umeme wa kuendesha sensa unaweza kupita humo humo. Kupima kina cha maji na presha, megabiti 10 ni nyingi kupita haja. Katika yote mapya ninayoyasoma usiku, hili ndilo ningelileta Unguja kesho, kwa sababu visima na matangi yetu yako mbali na majengo. Faiba iliyopo ningeiacha kama njia ya pili.

Nimebadilisha kisanduku, nimepima, pampu imeonekana tena kwenye skrini. Nimerudi na vumbi mpaka magotini, nikaandika kwenye daftari la zamu: sababu, saa, jina la paneli, picha ya kiswichi. Fundi wa usiku ni kijana aliyemaliza chuo karibuni. Badala ya kumpa daftari tu nilimkalisha, nikamfungulia jedwali la anwani, nikamwambia anitajie mlango baada ya mlango nani anatakiwa awepo. Alikosea mmoja, wa mashine ya vifuniko. Tukarudia wote mpaka adhana ya magharibi, akapatia, nikamkabidhi funguo za paneli nikaenda kutafuta daladala.