Kidogo Tu

Kwa miaka minane nilikuwa na mbinu yangu ya kupanda ngazi. Nikifika katikati nasimama, natoa simu, najifanya nasoma ujumbe. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa na ujumbe mmoja wa kusoma, na siku mbaya jumbe mbili. Mwenyewe niliamini ni uvivu. Mume wangu alisema labda ni umri, naye alipolisema hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka 29.

Upungufu wa damu ulijulikana mapema. Nikipimwa, damu iko chini. Naandikiwa vidonge vya madini ya chuma, navimeza miezi mitatu, choo kinakuwa cheusi kama lami, damu inapanda kidogo. Nikiviacha, inashuka tena. Daktari mmoja alisema hedhi yangu ni nzito, ingawa hakuniuliza ikoje. Mwingine akasema nina mawazo. Hayo nikayakubali, maana nani hana mawazo? Vidonda vya mdomoni vilivyokuja na kuondoka nilivihesabu kuwa jambo jingine, tumbo linalojaa gesi mpaka linalia kama ngoma nikalihesabu jambo jingine tena. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kutazama tarakimu zilizotawanyika na kujua zinatoka kwenye hesabu moja, na hii ya mwilini mwangu ilinipita miaka yote hiyo. Siku moja kijana aliniachia kiti kwenye basi akidhani ni mjamzito. Nilikikalia. Nilikuwa nimechoka mno kumsahihisha.

Aliyenishtua ni mfanyakazi mwenzangu, ambaye binti yake alikuwa na ugonjwa wa seliaki, ule ambao ngano huuharibu utumbo. Alinitazama nikila mkate mchana, akanitazama tena saa kumi nimeshika tumbo, akasema, "Dada, hebu kapime." Nikafanya ujinga ambao nasikia wengi huufanya: badala ya kwenda kupima, niliingia kwenye intaneti, nikasoma mpaka usiku wa manane, kesho yake nikaacha ngano. Baada ya wiki mbili tumbo lilikuwa limetulia. Nikaenda kwa daktari wa tumbo kifua mbele, kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake.

Daktari aliweka kalamu chini. "Umefuta ushahidi," akasema.

Kumbe kipimo cha damu hutafuta kingamwili, chembe za kinga ambazo mwili wa mgonjwa huzitengeneza gluteni, ile protini ya ngano, inapopita tumboni. Ukiiacha, kingamwili zinapungua, na utumbo nao unaanza kupona. Unapimwa unaonekana mzima, unarudi nyumbani na ugonjwa wako. Akanituma nikale tena ngano, kila siku, zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa wiki 6, ndipo nirudi.

Sijawahi kula mkate kama nilivyoula wiki zile. Niliumeza kama dawa, vipande viwili asubuhi, viwili usiku, nikiweka alama kwenye kalenda. Kufikia siku ya tatu vidonda vya mdomoni vilikuwa vimerudi. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nasoma jumbe tatu kwenye ngazi. Ajabu ni kwamba chakula chenyewe kilikuwa kitamu. Nilikuwa nakula kitu ninachokipenda, nikijua kinanila na mimi, na daktari ndiye aliyeniamuru.

Majibu ya damu yalikuja. Kipimo kinaitwa tTG-IgA, na huenda sambamba na kupima IgA, aina mojawapo ya kingamwili, yote kwa jumla, kwa sababu mtu ambaye mwili wake hautengenezi IgA ya kutosha anaweza kupata jibu zuri la uongo. Kingamwili zangu zilikuwa zaidi ya mara sita ya kikomo. Halafu endoskopi: wakanipulizia dawa ya ganzi kooni, wakanidunga ya usingizi mwepesi, kamera ikashuka mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba, wakachukua vinyama sita vidogo. Huwa hawachukui kimoja, kwa sababu uharibifu wenyewe ni wa viraka. Hapa umeliwa, pale pazima.

Daktari alinieleza kwa mfano wa taulo. Ukuta wa utumbo wa mtu mwenye afya una manyoya madogo mengi kama taulo jipya, na manyoya hayo ndiyo yanayonyonya chakula. Langu lilikuwa limechakaa likawa kama shuka. Si mzio, alisisitiza, ingawa watu wataita hivyo. Ni kinga ya mwili inayoona gluteni na kugeuka kuupiga utumbo wenyewe. Na uharibifu huwa mkubwa zaidi pale mwanzo wa utumbo mwembamba, ambapo ndipo madini ya chuma hunyonywa. Hapo nikavikumbuka vidonge vyangu vyote. Miaka minane namwaga maji juu ya shuka, nashangaa mbona halishiki kama taulo.

Nililia ndani ya gari, dakika kumi hivi. Nilikuwa nalilia zile ngazi. Miaka yote nimejiita mvivu, mtu asiyejituma, na kwenye karatasi niliyoishika jina langu lilikuwa limeandikwa pembeni ya neno jingine kabisa.

Jina lenyewe, seliaki, ni la kale, latokana na neno la Kigiriki la tumbo. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza vizuri mwaka 1888, akahisi kwamba tiba ikiwepo itakuwa ya chakula, ila hakujua ni chakula kipi. Mwaka 1924 Sidney Haas, huko Marekani, akawa anawalisha watoto wagonjwa ndizi, nao wakapata nafuu, sifa zote zikaenda kwa ndizi. Ndizi haikufanya lolote. Ilichukua tu nafasi ya mkate kwenye sahani. Aliyeimaliza kesi ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameshaanza kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate uliadimika, na watoto wake wa seliaki, katikati ya njaa, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua upya. Uchunguzi wake wa ngano aliuandika katika tasnifu yake ya 1950. Nayapenda sana mambo haya, msiniulize kwa nini. Labda kwa sababu ni hesabu iliyofungwa vizuri.

Ngano, shayiri, na rai, nafaka ya jamii ya ngano: hivyo ndivyo vyenye gluteni. Mara ya kwanza niliona orodha ni fupi. Kisha nikaenda kabatini kusoma nyuma ya pakiti. Sosi ya soya ina ngano. Supu ya pakiti ina ngano ya kuifanya nzito. Soseji zina ngano. Kimea, ambacho nilikuwa nadhani ni kitu cha bia peke yake, mara nyingi ni shayiri iliyooteshwa, na kimo kwenye vinywaji vya unga, kwenye chokoleti, kwenye nafaka za asubuhi za mahindi ambazo ungeapa kwamba ni salama. Oti yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini hulimwa na kusagwa pamoja na ngano hivi kwamba lazima utafute iliyoandikwa kuwa safi, na hata hiyo wapo wachache inaowasumbua. Wali, mahindi, viazi, maharage, mayai, nyama, samaki, matunda, hivyo vilikuwa vyangu na vimebaki vyangu. Ukivitazama hivyo peke yake, sijapoteza kitu. Kilichonipiga chenga ni vile vya kwenye pakiti.

Nilijaribu kuoka mkate wa unga wa mchele. Gluteni ndiyo huufanya unga wa ngano uvutike na kushika hewa ya hamira. Bila hiyo unakanda tope. Nilitoa kwenye oveni kitu ambacho mwanangu alikigonga mezani mara mbili, kikatoa mlio wa mlango. Tuliuweka kwenye dirisha kushikilia pazia. Sasa hivi naoka vizuri kiasi, lakini si habari ya kusimulia.

Habari ya kusimulia ni neno "kidogo".

Katika lugha yetu hakuna neno lenye upendo kama hilo. Onja kidogo. Chukua kidogo tu. Kidogo hakiui. Mtu akikuambia hivyo ana sahani mkononi na tabasamu usoni, na wewe ndiye utakayeonekana una maringo. Kwenye karamu ya kwanza baada ya majibu, mama yangu mzazi alinikatia kipande cha keki chembamba hivi kwamba taa ilipenya. "Mwanangu, hiki hata si keki. Ni harufu ya keki."

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Chakula kikiandikwa hakina gluteni, kikomo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni miligramu 20 kwa kilo. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa unaonyesha kuwa wengi hustahimili mabaki ya miligramu 10 kwa siku, na kwamba miligramu 50 kila siku huweza kurudisha uharibifu. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gluteni kama gramu 2. Yaani miligramu 2,000. Nikachukua kipande kutoka mkate wa mume wangu, nikakiweka kwenye sahani, nikachukua kisu. Nusu. Robo. Moja ya nane. Nikaendelea mpaka kisu hakikati tena, kinaponda tu, na nilikuwa nimefika vipande kama sitini. Nilitakiwa kufika mia mbili. Nikalowanisha ncha ya kidole, nikaokota chembe moja, nikaishika chini ya taa. Hiyo ndiyo ruhusa yangu ya siku nzima, na hata hiyo si ya kuila kwa makusudi.

Siku hiyo ndipo mume wangu alipoelewa. Nilikuwa nimemweleza kwa mdomo mwezi mzima, akawa anaitikia. Alipoiona ile chembe hakusema neno. Aliinuka, akachukua chupa ya jemu, akaiinamisha kwenye mwanga. Ndani, chini ya mfuniko, kulikuwa na makombo ya mkate yaliyoingia na kisu. Kwenye siagi pia. Akaichukua tosta akaigeuza juu ya karatasi, yakamwagika makombo ya kujaza kikombe. Kuna methali ya haba na haba ambayo sote tulifundishwa tuweke akiba. Nadhani aliyeitunga hajawahi kukung'uta tosta.

Basi ikawa hivi: tosta moja ni yao, mimi natumia sufuria. Siagi yangu ina mfuniko mwekundu. Chujio la tambi nililinunua jipya, kwa sababu lile la zamani lilikuwa na matundu yaliyogandiwa na unga ambao hata brashi haikuutoa. Mwiko wa mbao na ubao wa kukatia vilienda. Mafuta yaliyokaangiwa kitu chenye ngano siyatumii. Watoto wanajua kwamba kisu kikigusa mkate hakirudi kwenye chupa, na wananiripotia baba yao kama polisi.

Nje ya nyumbani ndiko bado sijapaweza. Mhudumu ukimuuliza kama chakula kina ngano anakwambia hakina, ni unga mweupe tu. Hana kosa. Siku hizi siulizi kama kina gluteni, naomba aniambie kimepikwaje, hatua kwa hatua, na nasikiliza. Nachukiwa kidogo. Mara mbili nimekosea. Mara ya pili ilikuwa mchuzi uliotiwa kijiko cha unga uwe mzito, nikatapika usiku kucha na kichwa kikawa na ukungu siku nne. Ila nilijifunza pia kwamba kutougua si ushahidi: utumbo unaweza kuliwa kimyakimya na wewe unaona uko sawa. Ndiyo maana siwezi kuufuata mwili wangu peke yake, nafuata vipimo.

Vipimo vyenyewe: baada ya miezi sita kingamwili zilikuwa zimeshuka chini ya nusu. Baada ya miezi kumi na minne zikaingia ndani ya kikomo. Akiba ya chuma ilianza kupanda na ikabaki juu hata nilipoacha vidonge. Mifupa ilipimwa, ikaonekana imepungua uzito kuliko inavyotakiwa kwa umri wangu, hivyo nina kalisiamu na vitamini D za kumeza. Utumbo wa mtu mzima huweza kuchukua miaka kupona kabisa, nimeambiwa nisiwe na haraka. Ngazi nilizipanda zote bila kusimama siku moja ya Jumanne, nikagundua nimefika mlangoni na simu iko mkobani.

Limebaki suala la ndugu. Ugonjwa huu hufuata damu. Mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa ana nafasi kama moja katika kumi ya kuwa nao, hata asipohisi kitu. Watoto wangu walipimwa, hawana, watapimwa tena baadaye. Mama alipimwa akiwa amekunja uso, hana. Kaka yangu alikataa. "Nikijua, nitakula nini?" akaniuliza, ana biskuti mkononi. Miaka mingi nimemjua kaka huyu kama mtu wa kulala baada ya chakula, na sote tulimcheka kwa hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Sikumsukuma. Wiki iliyopita, saa tano usiku, alinitumia ujumbe bila salamu: "Kile kipimo kinaitwaje?"

Nikamwandikia herufi moja moja. Halafu, kabla hajalala, nikaongeza: "Mkate usiuache kwanza."